Ufunguo uliobaki kwenye boksi

Mpiga ganuni ukimnyang'anya ufunguo wake, umemnyang'anya ganuni yenyewe. Huwa nawaambia hivyo wapiga gitaa wenzangu, nao hucheka, wakidhani nawapigia debe watu wa taarabu. Lakini hebu itazame ganuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu kinacholazwa mapajani. Ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Ngozi na hewa ya pwani tunazijua: ikinywa unyevu inalegea, daraja linadidimia, na sauti zote 26 zinashuka, kila moja kwa kiasi chake. Mzee mmoja wa Unguja niliyewahi kukaa karibu naye mazoezini alikuwa akifika mapema kuliko sote. Anafunua kitambaa, anatoa kile kifunguo kidogo chenye tundu la pembe nne, anaanza kigingi kwa kigingi. Sikuwahi kumsikia akisema ataipeleka kwa fundi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni. Sina shaka alirudi na ufunguo mfukoni, maana Unguja ya siku zile angeupata wapi mwingine?

Sisi wa gitaa nasi tuna ufunguo wetu. Wengi hatujui kama tunao.

Nausema ule wa chuma uliopinda kama herufi L, ncha yake ina pembe sita, mara nyingi hutiwa kwenye kijifuko cha nailoni ndani ya boksi la gitaa jipya. Mnunuzi akifungua boksi anatoa gitaa, anatoa mkanda, anatoa vidoko vya kupigia, ule ufunguo unaenda jalalani na maboya ya kufungashia. Mwaka mmoja baadaye nyuzi zimeinuka kama kamba ya kuanikia nguo, na yeye analilaani gitaa kwamba ni la Kichina.

Kazi yake ni hii. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma za gitaa la mbao huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na ushei. Ni sawa na kumning'iniza mtu mzima pale, usiku na mchana. Mbao peke yake itapinda tu, kwa hiyo ndani ya shingo hulazwa chuma chenye nati upande mmoja, ama kichwani chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, ama ndani ya tundu la tumbo la gitaa. Ukiikaza nati, shingo inavutwa kurudi nyuma. Ukiilegeza, inaachiwa ifuate nyuzi. Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson aliombea hataza ya chuma cha namna hiyo mwaka 1921. Martin, mabingwa wa gitaa la mbao, hawakuweka cha kurekebishika mpaka 1985. Kama wao walisita miaka 64, mwoga wa Mbagala anayeambiwa akigusa ile nati "utavunja shingo" sina sababu ya kumcheka.

Woga huo mimi umenigharimu. Gitaa langu la kwanza la nyuzi za chuma liliinua nyuzi mpaka nikatoka malengelenge, nikalipeleka kwa mtu aliyekuwa akisifiwa mtaani. Hakuitazama shingo hata kidogo. Alichukua tupa akakitia kile kijidaraja cha kichwani, pale nyuzi zinapotokea, akakichimba. Nyuzi zilishuka kweli, nikalipa, nikashukuru. Nilipofika nyumbani nikapiga nyuzi wazi bila kubana popote, zote sita zikawa zinakoroma kwenye freti ya kwanza, kile chuma chembamba cha kwanza kilichokingama shingoni. Kumbe shingo ilikuwa imepinda tu, na dawa yake ilikuwa robo mzunguko wa ufunguo. Ufunguo ukikosea, unaurudisha ulikotoka. Tupa ikishakula, imekula.

Kujua kama shingo imepinda hakuhitaji mashine. Tyuni gitaa kwanza, kwa sababu shingo hupimwa ikiwa na mzigo wake. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, halafu kwa mkono wa kulia ubane palepale shingo inapokutana na tumbo. Uzi ulionyooka hivyo umekuwa rula. Chungulia freti ya saba au ya nane: kati ya freti na uzi panatakiwa uwazi mdogo sana, kama robo ya milimita. Na robo ya milimita unayo nyumbani. Kipande cha uzi mwembamba kuliko wote wa gitaa la umeme, ule wa namba kumi, ni sehemu 10 za 1,000 za inchi, yaani milimita 0.25. Mimi ninacho kimoja, nimekibandika kwa selotepu ndani ya mfuniko wa kasha la gitaa. Kikipita kwa kugusagusa, acha gitaa la watu. Kikipwaya, kaza kidogo, kama saa inavyozunguka. Kisipopita kabisa, legeza. Robo mzunguko au chini yake, kisha tyuni tena, pima tena, nenda kanywe chai. Mbao haina haraka, na wewe usiwe nayo.

Sasa penye ukweli wa ile hofu ya "utavunja shingo". Shingo huwa haivunjiki kirahisi hivyo. Kinachoharibika ni nati, na huharibiwa na ufunguo wa saizi ya kukisia. Magitaa mengi tunayouziwa huku yanachukua milimita 4 au 5. Lakini magitaa mengi ya kampuni ya Fender yaliyotengenezwa Marekani ni inchi 1/8, na yapo yanayotaka 3/16, ambayo ni milimita 4.76. Ya 5 haiingii hapo, na ya 4.5 inaingia vizuri sana, mpaka unapokaza: inateleza, pembe za nati zinalika, na hapo ndipo maneno ya kuvunja shingo yanapokaribia kuwa kweli. Gibson ndiyo ina tabia yake, nati yake inakamatwa kwa nje na spana ya bomba ya inchi 5/16. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: ufunguo ukicheza hata kidogo ndani ya tundu, sikazi. Na nati ikigoma, sitafuti bomba la kurefushia mkono. Hapo ndipo fundi wa kweli anapostahili hela yake.

Zile funguo za kukunja za mafundi baiskeli, zenye 4, 5 na 6 pamoja kama kisu cha mfukoni, zinanifaa kwa magitaa ya nati ya kichwani. Kwa nati iliyo ndani ya tumbo ni fupi mno, lazima upate ule mrefu.

Nisidanganye kwamba ufunguo huu unatibu kila kitu. Gitaa la nyuzi za nailoni mara nyingi halina hicho chuma, usilitafute tundu ambalo halipo. Na wakati wa masika, gitaa la mbao tupu hunywa unyevu mpaka uso wake ukavimba, daraja likainuka pamoja na nyuzi, wakati shingo iko sawa kabisa. Anayekaza shingo hapo anamtibu jino mgonjwa wa tumbo. Lile la kulitoa gitaa kwenye kiyoyozi cha hoteli na kulipeleka moja kwa moja ufukweni sitaki hata kulizungumza, tunalifanya sote.

Kuna anayeniuliza habari za kile kikombe cha kuzungushia vigingi wakati wa kubadilisha nyuzi. Kinunue, ni raha tu. Kigingi cha 14 kwa 1, yaani unakizungusha mara 14 ndipo uzi ujiviringe mara moja, ukitaka ujiviringe mara tatu ni mizunguko 42, na kwa nyuzi sita ni 252. Mkono wako, shauri yako.

Juzi niliingia duka moja la vyombo vya muziki Kariakoo kutafuta ufunguo mrefu wa milimita 5, wangu umeazimwa na mpiga besi, na mpiga besi akiazima kitu ndiyo basi. Muuzaji akainama chini ya kaunta, akatoa kopo la maziwa ya unga limejaa funguo mpaka juu, zingine bado zimo kwenye vijifuko vyake. Zote ni za wateja, aliniambia, wakijaribu gitaa wanafungua boksi, wakiondoka wanaziacha. Nikamuuliza bei.

"Chukua tu, kaka," akasema. "Hakuna anayeziulizia."

Nilichukua mbili za 5 na moja ya 4. Moja ya zile za 5 nimeitoboa tundu nikaifunga kwa uzi kwenye mshikio wa kasha, mpiga besi aje na mkasi.