Njaa Nayo Hujeruhi Akili

Vita vikitajwa pamoja na afya ya akili, picha inayotujia huwa ile ile: askari anayekurupuka usingizini, mtoto anayejikunyata chini ya meza kwa sababu mlango umebamizwa. Si picha ya uongo. Ila vita vinavyodumu miaka mitano au kumi na tano havilipuki kila siku mahali pamoja. Baina ya shambulio na shambulio kuna miezi mirefu ambayo kazi ya mtu mzima ni kutafuta maji, kuni, dawa ya kisukari ya mama yake, na namna ya kuubana unga ufike Ijumaa. Kwa maoni yangu, akili za wengi huharibikia humo, katika miezi isiyo na habari ya kutangazwa.

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2010 watafiti Kenneth Miller na Andrew Rasmussen walipitia tafiti kuhusu watu walioathiriwa na vita, wakaonyesha kwamba adha za kila siku, yaani umaskini, makazi mabovu, kutengana na ndugu, kukosa kazi, zinaeleza sehemu kubwa ya sonona na wasiwasi wa watu hao. Hawakusema kwamba kiwewe cha mabomu hakipo. Nionavyo mimi, walichotuonyesha ni kwamba vita huifikia akili kwa njia mbili, na sisi tumezoea kulinda njia moja tu.

Anayedhani njaa ni shida ya tumbo peke yake na asome kuhusu jaribio lililoanza Novemba 1944 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana 36 waliokuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri, wakiwa wamewachuja kutoka kundi kubwa la waliojitolea ili wabaki wenye afya njema ya mwili na ya akili. Kwa miezi sita walilishwa takriban kalori 1,600 kwa siku, karibu nusu ya walizozoea, huku wakitakiwa kutembea kilomita nyingi kila wiki. Walipungua kama robo ya uzito wao. Hakuna aliyewarushia kombora. Walilala salama, wakijua tarehe ambayo mateso yangekwisha. Hata hivyo waligeuka watu wengine: wepesi wa hasira, wazito wa huzuni, wasiotaka mazungumzo, wasio na utani wala hamu ya mapenzi. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kwa uchu na kulamba sahani mpaka zing'ae. Mmoja alijikata vidole kwa shoka, na baadaye hakuweza kusema kwa uhakika kama alikusudia au aliteleza. Chakula kiliporudi, akili haikurudi siku hiyo hiyo. Wengi walihitaji miezi.

Hao walikuwa wazima waliochaguliwa, na walijitolea. Sasa ondoa ile tarehe ya mwisho, ongeza watoto wanaolia na baridi inayoua. Huko Leningrad, mji wa Urusi uliozingirwa na majeshi ya Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, majira ya baridi ya 1941, mgao wa mkate kwa watoto na wasiofanya kazi ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe ulikuwa umechanganywa na vitu ambavyo si unga. Mzingiro huo ulidumu siku 872. Shajara zilizobaki kutoka kwa wakazi wake zinarudia jambo moja linalonitisha kuliko maelezo ya mizinga: hisia kufifia. Mtu anafiwa na ndugu, na machozi hayaji, kwa sababu mawazo yote yako kwenye mkate. Ukimpima mtu huyo kwa dodoso la hospitali utapata jina la ugonjwa, na huenda jina likawa sahihi. Mimi bado nadhani tutakuwa tumeanza kusoma barua yake kutoka katikati.

Na uhaba hauhitaji kufikia kiwango cha njaa ya kuua ndipo uiguse akili. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Wakulima wale wale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, mikono ikiwa mitupu, kisha baada ya mavuno. Walifanya vizuri zaidi wakiwa na fedha. Elimu yao haikuwa imeongezeka katika miezi hiyo michache. Kilichopungua ni mzigo wa hesabu kichwani, nani alipwe deni na nani aombwe tena. Wakulima hao walikuwa kwenye amani, na mavuno yao yalikuwa na msimu unaojulikana. Anayeishi vitani hupiga hesabu hizo hizo mwaka mzima: nikienda kisimani sasa nitarudi? Nikiuza godoro leo, mvua ikinyesha tutalalia nini? Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia watoa misaada wakilalamika kwamba walengwa "hawapangi maisha yao ya baadaye". Wanapanga kutwa kucha. Akili yote imekwisha kwenye mpango wa jioni.

Tena kuna foleni. Sijui kwa nini foleni haiandikwi zaidi, kwa kuwa ndiyo mahali ambapo njia zile mbili hukutana. Wakati wa kuzingirwa kwa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, tarehe 27 Mei 1992, makombora yaliwaangukia watu waliopanga foleni ya mkate katikati ya mji na kuwaua wengi. Tangu hapo, kila aliyehitaji mkate alipaswa kuamua upya kama mkate unastahili hatari hiyo. Mwili hauwezi kuishi hivyo kwa miaka bila kulipa: usingizi unakatika, moyo unadunda bila sababu, hasira inamwangukia aliye karibu.

Aliye karibu, mara nyingi, ni mke au mtoto. Hapa ndipo aibu inapoingia, na kwangu aibu ndiyo jeraha linalofichwa zaidi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Wengi huitaja methali hiyo kumsamehe mwizi wa ndizi, lakini mwenye njaa mwenyewe hajisamehi. Baba aliyekuwa na karakana na mafundi chini yake sasa anapanga mstari kupokea mafuta ya kula kutoka kwa kijana anayemwita kwa namba. Mama amemwoza binti mapema ili kipungue kinywa kimoja, na kila akimwona anatazama pembeni. Kuna waliouza miili yao, waliodanganya idadi ya watoto ili kadi ya mgao iwe nono, waliokula wakati mdogo wao amelala. Mambo haya hayasemwi kwa mshauri katika kikao cha kwanza, wala cha tano. Mtu atasema kichwa kinamuuma, mgongo, tumbo linawaka. Atapewa vidonge vya maumivu.

Kuna sifa moja ambayo ningependa tuipumzishe: "watu hawa ni wastahimilivu mno". Husemwa kwa nia njema, najua. Lakini ukiisikiliza vizuri, inamwondolea msemaji wajibu na kumwongezea mvumilivu kazi, kwani mtu akishaitwa shujaa, kulia kunakuwa kushindwa. Wapo wanaostahimili kweli, na mara nyingi siri yao si roho ngumu. Wana ndugu anayetuma fedha, au jirani wa kumwachia mtoto.

Je, ninasema wanasaikolojia wafunge mabegi warudi makwao? La. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba mtu mmoja kati ya watano katika maeneo yenye vita ana tatizo la afya ya akili, na hao ni pamoja na wenye skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na magonjwa mengine makali ambayo gunia la mchele haliyatibu. Mgonjwa wa namna hiyo njia ikifungwa anakosa dawa zake, na familia ikilazimika kukimbia yeye ndiye hufungwa kamba au kuachwa. Anahitaji dawa, daktari, na gari linalofika.

Kwa wengi waliobaki, mpangilio unaofaa uliandikwa zamani. Mwongozo wa mashirika ya misaada ya kibinadamu uliotolewa mwaka 2007 na kamati yao ya pamoja, IASC, unaweka huduma za msingi na usalama chini kabisa ya piramidi, na wataalamu wa magonjwa ya akili juu kileleni. Maana yake chakula, maji na hifadhi ni kazi ya afya ya akili pia, na namna vinavyogawiwa ni sehemu ya tiba. Mgao unaotangazwa mapema na kufika siku iliyotajwa huwapunguzia watu mahangaiko. Fedha mkononi humwacha mama aamue mwenyewe kati ya sabuni na viatu. Kiti kivulini kwa mzee anayesubiri hakihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Nikiwa na bajeti ndogo ya kikao cha kuelimisha jamii kuhusu msongo wa mawazo, kwenye kambi ambayo bomba lake limekauka, ningetengeneza bomba kwanza.

Lakini hata bomba lina mipaka, kwa sababu mara nyingi halikukauka lenyewe. Sheria ya kimataifa, kupitia Itifaki ya Ziada ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, inakataza kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita, na azimio 2417 la mwaka 2018 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani jambo hilo waziwazi. Katika kesi na ripoti za namna hii huhesabiwa waliokufa na waliokonda. Ningetaka zihesabiwe pia akili: aliyeacha kuzungumza, aliyeanza kumpiga mtoto ambaye hakuwahi kumgusa. Anayefunga barabara ya malori ya unga anajua kabisa anachokifanya kwa watu walio upande wa pili, na shtaka lake lisiishie kwenye kilo walizopungua.