Mahindi ya Iowa, mahindi ya Mbozi

Huu ni msimu wangu wa sita wa mavuno kwenye ghala la nafaka hapa Iowa, Marekani. Lori likifika linapanda mizani, bomba linashuka kuchota sampuli, kipimo kinasoma unyevu, na muda si mrefu dereva ana karatasi mkononi: uzito, unyevu, bei. Kila nikiiona karatasi ile nakumbuka lumbesa. Nyumbani Mbozi, Tanzania, baba alikuwa anashika mdomo wa gunia huku mnunuzi akishindilia kwa goti, debe la saba likiingia kwenye gunia la debe sita, na malipo yakabaki ya gunia moja.

Ndugu wengi wanadhani trekta ndiyo tofauti yetu na hawa. Mimi naiona zaidi kwenye ahadi.

Tangu sheria ya kilimo ya 2014, mkulima wa mahindi, soya au ngano anaweza kuchagua mpango uitwao ARC. Serikali inachukua mavuno ya kaunti na bei ya taifa kwa miaka mitano, inaondoa mwaka wa juu na wa chini kwa kila kimoja, inazidisha wastani unaobaki, inapata pato la kawaida la ekari. Tuseme dola 1,000. Ahadi ilikuwa asilimia 86, yaani 860. Pato la kaunti likishuka hadi 800, zile 60 zinafidiwa, kwa asilimia 85 ya ekari zilizosajiliwa, Oktoba ya mwaka unaofuata. Sheria ya 2025 imepandisha ahadi hadi asilimia 90.

Kasoro zipo. Kinachopimwa ni kaunti nzima, kwa hiyo shamba lako likiharibika peke yake mpango huu haukuoni. Ekari zinazolipiwa ni za kumbukumbu za zamani, hata kama mwaka huu umepanda kingine. Na mwenye ardhi kubwa ndiye anayechukua kikubwa. Hilo linaniuma kweli. Lakini mkulima anaijua kanuni kabla mbegu haijaingia ardhini.

Sisi je? Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje. Kwetu Tunduma ni pua na mdomo, Zambia iko ng'ambo tu. Mwaka ule baba aliuza gunia kwa bei isiyorudisha hata pesa ya mbolea. Bei ikipanda, mahindi ni chakula cha taifa. Ikianguka, ni mahindi ya baba.

Mbolea ya ruzuku ya 2022 naishukuru kwa moyo wote. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa umepita shilingi 120,000 ulishuka hadi 70,000, na baba akapanda kwa wakati. Ila ruzuku hiyo inaishia shambani, wakati hasara inamsubiri sokoni.

Sidai dola za Iowa. Nadai bei ya chini ya ununuzi wa serikali itangazwe kabla ya kupanda, mpaka usifungwe mazao yakiwa tayari shambani, na kila kijiji kiwe na mizani.

Jumapili baba alinipigia. Mvua za kwanza zimenyesha, mbegu ameshanunua, hajaamua kama alime ekari nne au sita. Nikamuuliza bei ya mwezi wa saba itakuwaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atalima sita, kwa sababu ada ya mdogo wangu haipungui.