Mjomba, sijarudi kuolewa

Juzi kwenye kliniki ya homoni hapa Hamburg wamenipa fomu nyingine. Visanduku vinne: mwanamke, mwanamume, jinsi ya tatu, au acha wazi. Tangu mwisho wa 2018 sheria ya Ujerumani inavitambua vyote, na mimi nimeshavipitia karibu vyote. Dada wa mapokezi akauliza kwa upole kabisa, "Na safari hii tuandike nini?" Nilichukia mpaka mkono ukatetemeka. Kwetu Mikindani, Mtwara, hakuna ambaye angethubutu kuniuliza vile usoni. Wangenisema nikishapita.

Najua tayari yupo anayetaka kujibu, "Huyu Ulaya imempanda kichwani." Ngoja kwanza.

Ulaya haikunipa mwili huu. Nimezaliwa nao Mikindani, enzi ambazo daraja la Mkapa halijajengwa na kumfikisha mtoto hospitali ya Muhimbili, Dar, wakati wa masika maana yake ni kukesha Ndundu mkingoja kivuko cha Rufiji. Tezi zangu za juu ya figo hazitengenezi kortisoli ya kutosha, homoni ambayo mwili hauishi bila yake, na zikihangaika kuitafuta zinamwaga homoni za kiume, tangu nikiwa tumboni. Maumbile yangu, ndevu, sauti iliyokwaruza mapema kuliko ya kaka zangu, vyote vimetoka humo. Wazee walijua tupo. Muulize sheikh aliyesoma mirathi: huntha, mwenye maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu, ana mlango wake, na kwetu Mashafii anapewa kile kilicho yakini, kingine kinawekwa kando mpaka hali yake ibainike. Kinawekwa kando! Hakuna anayemkimbiza na kalamu.

Unyagoni kungwi aliona kila kitu. Akanifunga kanga, akamnong'oneza mama, ngoma ikaendelea, nikatolewa mwali kama wenzangu. (Mengine ya unyagoni hayaandikwi, msinisubiri.) Nikakua tomboi wa mtaa, msimu wa korosho nabeba magunia ghalani na wanaume, na anayeshangaa anajibiwa, "Huyo ndivyo alivyo." Kwa maneno hayo nimetamba sana huku ugenini.

Maana huku hawana "ndivyo alivyo." Ndevu, sauti nzito, moyo unaokwenda kwa wanawake: marafiki na wataalamu wote wakawa na jibu moja, kwamba mimi ni mwanamume ambaye bado hajajijua. Basi nikachoma testosteroni, homoni ya kiume, nikabadili jina, nikaishi kiume miaka kadhaa. Msinitungie mateso. Ilikuwa na raha zake, hasa kwa kinyozi. Kisha nikaanza kukaa na wanawake wa hapa walionyoa vichwa, mafundi bomba, madereva wa malori, wana wapenzi wao wa kike na wanajiita wanawake bila kumwomba mtu radhi. Nikajiona mimi wa ghalani. Nikaacha sindano. Sauti imebaki chini zaidi kuliko mwanzo. Testosteroni ikishaishusha hairudi, na mimi sina ugomvi nayo.

Sasa wapo wa huku wanaoniita msaliti. Wapo wanaotaka wanisimamishe jukwaani niwe ushahidi dhidi ya kila aliyebadili akatulia. Nawajua waliotulia, ya kwao si yangu, niacheni. Na kwenye kundi la ukoo mjomba katuma sauti: Alhamdulillahi, mtoto kazinduka.

Kazinduka! Mjomba, nisikilize. Ule ukimya wetu ninaousifia uliniacha nibebe magunia, lakini pia ulinifanya niujue ugonjwa wangu ukubwani, ugenini. Hapa mtoto wa siku mbili tatu anachomwa kisigino, damu inapimwa, na hali yangu imo kwenye orodha, kwa sababu wapo watoto wanaopoteza chumvi mwilini na kufa ndani ya wiki za mwanzo. Kwetu tungesema kichanga kilitapika, kimekwenda, Mungu kampenda zaidi. Na 2021 hawahawa wa visanduku walitunga sheria ya kuzuia mtoto kupasuliwa ili tu aonekane wa kike au wa kiume. Haya, mtasema ni Wazungu. Kenya je? Sensa yao ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa aina yetu.

"Basi kaa hukohuko." Nakaa. Jikedume anayebeba magunia mnamcheka na chai mnampa. Siku atakayokuja na mwanamke wake mtamwita msagaji, na chai hapati.

Ila yule dada wa mapokezi naye amenichosha. Nikipata homa natakiwa kuongeza dozi ya haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la ile kortisoli, mara mbili au tatu, la sivyo naweza kufa, na kadi ya dharura ninatembea nayo mfukoni. Hiyo hakuiuliza.

Mjomba, na yule mwalimu wa Nanguruwe uliyempa namba yangu, mwambie mwenyewe. Mimi sipokei.