Kofi Ambalo Halikushuka

"Hakumpiga, alimtisha tu." Ndivyo alivyonijibu msimamizi wa wodi wiki iliyopita, nilipolalamika kwa niaba ya mdogo wangu. Uchungu ulikuwa umemkaza, ameng'ang'ania chuma cha kitanda, nesi akainua mkono wenye glavu: "Panua miguu, la sivyo nakuzaba!" Kofi halikushuka. Lakini nilimwona mdogo wangu akifumba macho na kujifunika uso kwa leso, akilingoja.

Hiyo "tu" imenikaa rohoni. Sheria ya madai, ile ya kudai fidia mahakamani, tuliyorithi kwa Waingereza haiijui. Inatenganisha makosa mawili: kumtia mtu hofu kwamba anapigwa sasa hivi, na kumgusa bila ridhaa yake. Kila moja linasimama peke yake. Mkono ulioinuliwa mbele ya mama anayeuona ni kosa tayari, hata ukirudi mfukoni. Na aliyepasuliwa usingizini pasipo ridhaa ametendewa la pili bila kuonja la kwanza, maana hakupata hata nafasi ya kuogopa. Sisi yote tunayaita "shambulio", na Kanuni ya Adhabu, sheria ya jinai, nayo imeyatia kapu moja. Ndiyo maana watu wanataka kwanza waone alama ya vidole shavuni.

Kosa la pili halihitaji hata maumivu. Ukimdunga sindano mgonjwa mwenye akili zake aliyesema hataki, umemkosea, hata kama dawa ingemfaa.

Najua wauguzi wanachoka. Usiku nesi mmoja anaitwa na vitanda vyote. Najua pia aliyezimia haombwi ridhaa, anaokolewa kwanza. Mdogo wangu hakuzimia. Alikuwa akijibu kila alichoulizwa.

Mnaikumbuka kesi ya Bungoma, Kenya. Mwaka 2013 mama alijifungulia sakafuni hospitalini, wauguzi wakamtukana na kumpiga makofi, na kuna aliyerekodi kwa simu. Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Nilifurahi sana siku ile. Ila yule alikuwa na video. Mdogo wangu ana mimi tu niliyekuwa mlangoni, na neno la nesi dhidi ya langu.

Barua ya malalamiko nimeiandika, iko mkobani. Mtoto akifikisha wiki sita anarudi palepale kuchanjwa, na mama yake ananisihi: "Dada, wacha. Watanikumbuka."