Mkataba wa Algeron haukukosea kukataza, ulikosa mkaguzi

Mashabiki wa Star Trek, hadithi za runinga za safari za anga, wakianza kubishana kuhusu siasa, Mkataba wa Algeron, ule wa amani kati ya Shirikisho la sayari na himaya hasimu ya Waromulani, lazima upigwe mawe. Hoja huwa ileile: mwaka 2311 Shirikisho liliahidi kutounda wala kutumia kifaa cha kujifichia, kile kinachoifanya meli nzima ya anga isionekane kwa macho wala kwa vitambuzi, ilhali Waromulani walibaki nacho. Mtu mwenye akili zake anatiaje saini kitu kama hicho?

Mimi natia saini, tena bila kusitasita. Shirikisho halikui kwa kuteka. Sayari huomba zenyewe kujiunga, na huomba kwa sababu meli zake hufika mchana kweupe na kujitambulisha. Jirani akishaanza kujiuliza kama kuna meli yako juu ya mji wake usiku huu, ubalozi wako wote umepoteza kazi. Na waliobaki wakionekana hawakukaa bure: walijifunza kutafuta. Katika kipindi cha Redemption cha mwaka 1991, Picard, nahodha wa Shirikisho, anapanga meli kwenye mpaka wa Waromulani na Waklingoni, himaya nyingine jirani, zinaunganishwa kwa wavu wa miali ya takioni, inayofichua meli zilizojificha, na msafara wa siri wa Waromulani unashindwa kupita. Hapo aliyenyimwa kifaa ndiye aliyeshinda.

Kwa hiyo katazo lenyewe silioni kuwa kosa. Kosa liko mahali pengine, na kipindi cha The Pegasus cha mwaka 1994 kinalionyesha wazi kuliko hata waandishi wake walivyokusudia, nadhani. (Kama hujakitazama, ruka aya mbili.)

Meli ya Pegasus ilipotea mwaka 2358 ikiwa na kifaa kilichopita hata cha Waromulani: si tu kwamba ilijificha, iliweza kupenya mwamba. Nahodha wake, Pressman, alikuwa akikijaribu kinyume cha mkataba. Mabaharia wakaasi, Riker, ambaye baadaye ni msaidizi wa Picard, akiwa kijana mbichi akamtetea nahodha, kisha siri ikafunikwa kwa miaka 12. Pressman hakuadhibiwa, alipanda cheo akawa admirali. Wengi hapa huzungumzia dhamiri ya Riker, na ni kweli inasisimua. Mimi hubaki na swali kavu zaidi: siri ilifichukaje? Meli ilikwama, nusu yake ikiwa imezama ndani ya mwamba wa angani, ikaokotwa. Basi. Hakuna afisa wa mkataba aliyeigundua. Isingekwama, Pressman angekuwa na kundi zima la meli hizo.

Picard anaposimamisha meli yake, iliyofungwa kifaa hichohicho, mbele ya Waromulani na kukizima hadharani, tunampigia makofi. Lakini amani ya miaka 60 kutegemea uadilifu wa nahodha mmoja ni bahati. Na kati ya ahadi zote, ahadi ya kutojificha ndiyo inayohitaji kukaguliwa zaidi, maana anayeivunja vizuri haonekani akiivunja.

Dunia yetu ililijua hili mapema. Mwaka 1972 Marekani na Umoja wa Kisovieti walipotia saini mkataba wa makombora ya kujihami, waliandika kwamba kila upande utamchunguza mwenzake kwa vyombo vyake, na kwamba hakuna atakayeficha mambo kwa makusudi ili kuzuia uchunguzi huo. Katazo la kuficha lilikuwa mhimili wa makatazo mengine yote. Kisha mkataba wa 1987 wa makombora ya masafa ya kati ukasogea hatua nyingine: wakaguzi wa Kisovieti wakaweka kambi nje ya kiwanda huko Utah, Wamarekani nje ya kiwanda huko Votkinsk, kwa ruhusa ya miaka 13.

Ajabu ni kwamba Star Trek iliwahi kugusa jambo hilohilo, kisha ikaliacha lidondoke. Mwanzoni mwa msimu wa tatu wa Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, Waromulani wanaiazima Defiant, meli ya Shirikisho, kifaa chao. Masharti ni mawili: kitumike tu Roboduara ya Gamma, eneo la mbali la galaksi linalofikiwa kupitia tundu la anga, na wao wapewe taarifa za kijasusi kuhusu Dominion, dola adui ya huko. Pamoja na kifaa anakuja afisa wao, T'Rul, kukilinda. Huyo ndiye mkaguzi! Anaonekana katika kipindi cha The Search, halafu haonekani tena. Kifaa kinabaki, na baadaye Sisko, kamanda wa Defiant, anakitumia hata upande huu wa tundu la anga.

Nitaambiwa Waromulani wasingekubali kukaguliwa wao. Pengine. Lakini waliokuwa na cha kukagua chini ya Algeron ni wao, na bado hawakudai hata mlango mmoja wa karakana ya Shirikisho ufunguliwe. Himaya inayojivunia majasusi wake ilikuwa na haki ya kumweka mtu ndani kwa mlango wa mbele, ikaridhika na karatasi.

T'Rul angestahili kubaki kwenye Defiant misimu yote mitano. Ile hila ya Sisko ya mwaka 1998, ya kuwavuta Waromulani kwenye vita dhidi ya Dominion kwa ushahidi wa kughushi, ingekuwa ngumu mara kumi kama afisa wao angekuwa anakula naye meza moja.