Anza na SQL, pandas itafuata

Vijana wanaoniuliza hapa Dodoma wajifunze nini ili wafanye kazi za data, wengi huwa wameshaanza na pandas, maktaba ya lugha ya Python ya kuchakata majedwali. Nami huwaambia: jifunzeni SQL kwanza, lugha ya kuuliza hifadhidata. Sina ugomvi na pandas, naitumia kila wiki. Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililonikuta kwenye zabibu.

Chama kimoja cha wakulima kiliniomba niunganishe mafaili mawili, orodha ya wanachama na daftari la mizani, ili kila mtu alipwe kwa kilo zake. Kilichofanana kwenye mafaili yote mawili kilikuwa namba ya simu. Nikaandika mstari mmoja wa pandas, merge (yaani unganisha) kwa namba ya simu, ukamaliza kazi kufumba na kufumbua. Nikajumlisha, nikatuma. Karani wa mizani akanipigia jioni ile ile: "Kaka, hizi tani si zetu. Kwani gari lilikuja hapa mara ngapi?"

Nilikesha nikitafuta. Wanachama 23 hawakuwa na simu, wengi wao akina mama watu wazima wanaopatikana kupitia simu ya mtoto au ya jirani. Kwenye mizani, mizigo 31 iliandikwa bila namba. Sasa pandas inapounganisha, kisanduku kitupu cha upande huu na kisanduku kitupu cha upande ule inavihesabu kuwa kitu kimoja. Kila mmoja wa wale 23 akapewa mizigo yote 31. Mistari 713, mahali ambapo haikupaswa kuzidi 31. Mama aliyeleta kreti mbili alikuwa ameandikiwa zabibu za wenzake wote wasio na simu, na programu haikutoa onyo lolote.

Kwenye SQL, kisichojulikana kinaitwa NULL, na NULL hailingani na chochote, hata na NULL nyingine. Mizigo ile ingebaki bila mwenyewe, ikisubiri mtu aende kuuliza. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye chombo kinachogusa malipo ya watu: kisipojua, kisibahatishe. Lugha hii ilianza IBM mwaka 1974 mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakijenga juu ya mawazo ambayo Edgar Codd aliyachapisha mwaka 1970, na swali la nini kifanyike na pengo la taarifa limechambuliwa humo kwa miaka mingi.

Lakini usijiachie. Ukipakia CSV (faili la jedwali lenye safu zilizotenganishwa kwa mikato) kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja, kwa amri yake ya .import, kisanduku kitupu huingia kama maandishi matupu, si NULL, na maandishi matupu mawili yanalingana vizuri tu. Yapitishe kwanza kwenye NULLIF, inayoyageuza kuwa NULL. Na dawa yenyewe hasa ilikuwa kuachana na simu na kutumia namba ya uanachama, iliyowekwa kama ufunguo mkuu wa jedwali. Mtu akijaribu kumwingiza mwanachama yule yule mara mbili, hifadhidata inakataa pale pale. Kwenye pandas unaweza kudai ukaguzi wa namna hiyo kwa kuongeza validate kwenye merge, ila lazima ukumbuke kuiandika kila mara. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mimi sijiamini kukumbuka kila msimu.

Excel inatosha kwa orodha fupi, na inaishia mistari 1,048,576. Kwa JSON, muundo wa data unaotumiwa sana na programu za mtandao, kuna kifaa kidogo kiitwacho jq. Faili likiwa kubwa na laptopu ina RAM ndogo, chukua DuckDB, hifadhidata ambayo unaiuliza kwa SQL moja kwa moja juu ya CSV bila kufunga seva yoyote, wakati pandas kwa kawaida hutaka kubeba faili zima kwenye kumbukumbu. Pandas naiacha mwishoni, data ikishakuwa safi, kwa michoro na kupindua majedwali. Hapo haina mpinzani kwangu.

Nina sababu nyingine, na ndiyo inayonigusa zaidi. Mimi si mwajiriwa wa chama kile. Nikiondoka, hesabu zinabaki kwa karani, ambaye hajawahi kusomea kompyuta. Nilimfungulia SQLite nikamwonyesha swali moja, la kujumlisha kilo za kila kijiji:

SELECT kijiji, SUM(kilo) FROM mizigo GROUP BY kijiji;

Nilimtafsiria maneno ya Kiingereza moja moja, mengine alishayajua kwa sababu majedwali tuliyapa majina ya Kiswahili. Akalitazama kwa muda, kisha akauliza: "Hapa kwenye kijiji nikiweka tarehe, nitaona siku kwa siku?" Nikamwambia ajaribu. Akavuta kibodi, akafuta kijiji akaandika tarehe, mahali pote pawili, akaanza kulinganisha na daftari lake la kalamu, siku baada ya siku.