Hakutoka damu, tukasema hakuumia

Mjomba wangu alikuwa mwanaapolo, yaani mchimba tanzanite, kule Mererani kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukimtembelea leo hapa Sakina, Arusha, atakugeuzia sikio la kulia, maana la kushoto linapiga filimbi usiku na mchana. Kisha mtazame akinywa chai. Anatia sukari, anakoroga, anapiga stori kidogo, anatia tena. Mkewe siku hizi huliondoa bakuli kimyakimya.

Mtaani wanasema gongo. Mjomba ni mlokole! Wengine wanasema alipata mawe kwa mganga, sasa anadaiwa. Mimi nasema ni baruti. Siwezi kuapa, lakini nashangaa hata daktari hakuwahi kumuuliza. Tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya kichwa ya CT, ikatoka safi, tukaambiwa apunguze mawazo.

Baruti inapolipuka, hewa hubanwa ghafla na wimbi lake hukimbia kuliko sauti. Likikukuta halisimami kwenye ngozi, linapita ndani. Ubongo ni kama mtindi ndani ya kibuyu: kitikise, nje huoni kitu. Sehemu zake hazilingani uzito, kwa hiyo hazitikisiki pamoja, na panapoungana ndipo panapoumia. Uwanjani wimbi hutawanyika. Mgodini linagonga ukuta na kukurudia. Halafu kuna moshi wenye kaboni monoksidi, unaonyima ubongo oksijeni. Wenye haraka ya jiwe hawasubiri uishe.

Si jambo jipya. Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliorudi kutoka kwenye mabomu bila jeraha la maana, ila kumbukumbu na macho yamevurugika. Vita ile ikiendelea, wengi wa namna hiyo waliitwa waoga. Mwaka 2016 Daniel Perl na wenzake, Marekani, walichapisha walichokiona kwenye bongo za wanajeshi wachache waliofariki baada ya kupitia milipuko: makovu palepale tishu zinapokutana, yasiyoonekana kwenye picha za kawaida za hospitali. Kwa hiyo picha safi haikunituliza hata kidogo.

Tangu 2018 Mererani ina ukuta wa kilomita 24.5. Getini unapekuliwa usije ukatoka na jiwe. Anayetoka na kichwa kinachovuma anapita tu. Ningetaka zahanati za kule zimuulize kila apolo: umelipua mara ngapi, umewahi kuzimia, unalala? Ni maswali matatu, hayahitaji mashine. Na aliyetikiswa leo asirudishwe chini kesho.

Majuzi tairi la lori lilipasuka barabara ya Namanga. Sote tukakimbilia getini kutazama. Mjomba alibaki kitini, amefumba macho, kidole kimoja juu, kama walivyokuwa wakihesabu mashimo yanavyolipuka mgodini, wasije wakarudi kwenye baruti ambayo haijalipuka.

"Moja," akasema, akawa anasubiri la pili.